Dakika Nne za Kujaribu Maiki

Niliwahi kufeli mtihani ambao nilikuwa nimeshaufaulu. Usicheke kwanza, soma.

Kifaransa nakijua, na simringishii mtu. Darasa zima lilikuwa linakuja chumbani kwangu kufundishwa, akiwemo rafiki yangu tuliyemwita Kasuku, maana alikariri kila kitu na hakuelewa hata nusu yake.

Lakini niweke kwenye mtihani wa kuzungumza uone maajabu. Maneno yote yananikimbia. Mara ya kwanza nilinyamaza mwanzo mwisho. Ya pili nikalia.

Chuoni kwetu ukifeli mara tatu unafungasha virago. Na mama alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe anakuwa mkalimani.

Kasuku yeye aliingia anapiga mluzi.

"Dada, wakiniuliza nisichokijua, nawajibu ninachokijua."

Akafaulu palepale. Jamani!

Basi ikafika mara yangu ya tatu. Unaketi kwenye kibanda cha maabara ya lugha, unavaa hedifoni, unaielezea picha kwa dakika nne, mashine inarekodi. Zile mashine kuukuu zilihifadhi rekodi moja tu. Ukibonyeza kitufe chekundu upya, ya kwanza inafutika.

Fundi wa maabara, mzee mpole aliyeniona nikilia mara ya pili, akanijia.

"Mwanangu, mtihani bado. Hebu nijaribie maiki. Sema chochote kuhusu hiyo picha."

"Chochote, mzee?"

"Chochote. Hakihesabiwi."

Weee! Picha ilikuwa ya mama na binti wanagombania mwavuli. Nikawasemea wote wawili, nikawatania, nikacheka mwenyewe. Nilitiririka mpaka dakika nne zikaisha.

Mzee akaninyooshea dole gumba. Mara akaitwa, kuna mashine imezima kule mbele.

Nikabaki peke yangu. Nikajiambia: haya, sasa ndio mtihani wenyewe.

Nikabonyeza kitufe chekundu.

Dakika nne za kuhema. Basi.

Aliporudi nikamwambia, "Mzee, nimeshindwa tena."

"Umeshindwa nini? Si ulishamaliza..."

Akatazama skrini. Akakaa sakafuni, mtu mzima yule.

"Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa mtihani, mwanangu. Nilijua nikikwambia utaganda."

Ijumaa nikafungasha. Mama hajaniuliza kitu mpaka leo, na ni afadhali angeniuliza.

Kasuku sasa ndiye mkalimani. Juzi kanipigia simu katikati ya kazi, kuna sentensi imemshinda. Nikamtafsiria papo hapo, nikakata simu, nikalia.

Mzee simlaumu, alinitakia mema. Ila ndugu yangu, kama una mwanafunzi anayetetemeka, usimvushe kwa kumfumba macho. Mwambie waziwazi kwamba anaweza, na mwambie mapema.

Mimi niliambiwa rekodi ikiwa imeshafutika.