Lumbesa ya Mama Erica

Mama Erica alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza, mwaka 2001, alikuwa na bambo mkononi. Bambo ni kile chuma chenye mfereji ambacho wanunuzi wa mahindi huchomea gunia ili kuchomoa punje za katikati, kwa sababu kila mtu pale soko la mahindi la Kibaigwa anajua kuwa mahindi ya mdomoni mwa gunia ni ya kumpendeza mgeni. Nilidhani amekuja kutafuta mnunuzi wa mahindi yake. Mimi nilikuwa nauza redio, runinga na kompyuta zilizotumika, Barabara ya Nane, Dodoma mjini, na watu wa mahindi hawakuja kwangu isipokuwa kwa redio.

"Habari za kazi, kaka. Ndiyo wewe Sila?"

"Ndiyo mimi. Karibu, mama. Redio?"

"Kompyuta. Ya kuchezea gemu."

"Ya mtoto?"

"Mtoto wangu yuko bweni, anasoma. Ya kwangu."

Denis, fundi wangu, akainamisha kichwa kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza ili asionekane akicheka.

Jina kamili la Mama Erica lilikuwa Evelina Mazengo, Mgogo wa hukohuko Kibaigwa. Udalali wa mahindi aliuanza pale serikali ilipoacha kununua na kuwaachia watu wauziane wenyewe, na miaka yote hiyo alikuwa ameona jambo ambalo mimi, mwenye vyombo hivyo dukani, sikuliona. Madereva wa malori na utingo wao hukaa Kibaigwa siku mbili tatu wakisubiri mzigo. Hawana la kufanya ila kunywa na kugombana.

"Wawili wanakaa ndani, wanacheza mpira kwenye kompyuta," alisema. "Mchezo uleule, wakati uleule, unaonekana nje kwenye runinga kubwa. Wa nje wanakunywa chai yangu, wanakula chapati zangu, wanashangilia."

"Yaani unataka kurusha mpira hewani kama kituo cha runinga."

"Hewani kwa nini? Si upo waya?"

Hapo nikaacha kumchukulia kama mzaha. Akanieleza na mengine. Chumba cha barabarani alikuwa amekipata kwa mwenye nyumba, Mzee Henry, kwa sharti moja: siku ya kufungua, Jumamosi, uwanja wa mbele yake ujae watu mpaka jioni. Usipojaa, kuna mtu wa baa anakitaka chumba hichohicho. Na ili apate fedha ya kompyuta alikuwa ameuza magunia yake thelathini ya akiba, kabla bei haijapanda. Hakubakiza gunia la kujaribia mara ya pili. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Aliyasema yote hayo bila kuficha. Mnunuzi akishakwambia ana haraka, amekukabidhi kisu. Sikujiuliza kwa nini dalali wa miaka kumi amenikabidhi kisu kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikuwa na kompyuta mbili. Moja nyeupe, safi, yenye taa ya bluu mbele, imekaa dukani miezi mitatu. Ya pili nilikuwa nimeiweka chini ya meza: ilitoka ofisi ya mradi uliofungwa, ganda limegeuka rangi ya ugali wa jana, ubavuni ina mkwaruzo mrefu. Lakini ile ya chini ya meza ilikuwa na kadi ya picha ya peke yake, yenye tundu la kupeleka picha kwenye runinga. Nilikuwa naitunzia mteja mmoja wa chuo ambaye angenipa bei nzuri. Ile nyeupe kadi ya peke yake haikuwa nayo. Tulikuwa tumeipachikia kijisanduku cha kuigawa picha, na gemu lilicheza vizuri tu, kwa muda. Denis aliijua, nami niliijua. Ikipata joto inaganda. Dakika arobaini, hamsini ikijitahidi.

Nikamwekea nyeupe. Nikawasha, nikaunganisha runinga, wachezaji wakaanza kukimbia kwenye vioo vyote viwili.

"Nzuri," alisema. "Hayo ni ya mdomoni mwa gunia. Katikati ni wapi?"

"Kompyuta haichomwi bambo, mama."

"Ndiyo maana nataka tuiache iwake."

Ilikuwa saa saba mchana, bati juu yetu linapasuka kwa jua. Akavuta kigoda, akakaa, akamtuma Denis chai kwa fedha yake. Mimi nikaanza kazi ya kufunga biashara kabla ya dakika arobaini. Nilimtajia bei, akasema tutafika huko. Nikaishusha kabla hajaniomba, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kuuza. Akaniuliza mke wangu ni mtu wa wapi. Nikamwambia kuna mtu wa Chamwino anakuja saa nane kuichukua.

"Mwache aje," alisema. "Tutakunywa naye chai."

Dakika ya thelathini. Aliongea habari za mvua, za dada yake wa Ihumwa, za lori lililoanguka na ngano. Macho yake yalikuwa kwangu, hayakuwa kwenye kioo. Mimi ndiye niliyekuwa nikitazama kioo, na nadhani hilo lilimtosha. Nikamwashiria Denis asogeze feni. Akaisogeza.

"Feni ya nini?" aliuliza. "Mtu wa mahindi sioni joto."

"Ni yangu mimi."

"Basi ielekeze kwako."

Nikaielekeza kwangu. Dakika ya arobaini na tatu mlinda mlango akaruka juu, akabaki hukohuko juu, mpira ukiwa umeganda mbele ya glavu zake. Katika runinga pia, vilevile. Mama Erica akamalizia chai yake, akaweka kikombe sakafuni, kisha akanyoosha bambo lake chini ya meza na kugonga lile ganda la rangi ya ugali.

"Na hili?"

Hilo liliwaka tangu saa nane na nusu hadi kumi na mbili bila kusita. Sasa alijua analotaka, na mimi nilijua kwamba analihitaji kabla ya Jumamosi. Nikataja bei ya yule mteja wa chuo, nikaongeza kidogo juu. Hakubisha. Mtu asiyebisha bei ananitia wasiwasi.

"Nimekubali," alisema. "Lumbesa yangu?"

Lumbesa ni kile kilemba cha mahindi kinachoshonewa juu ya gunia lililokwisha kujaa. Mnunuzi hupata gunia na robo kwa bei ya gunia moja. Nikacheka.

"Kompyuta haina lumbesa, Mama Erica. Ikijaa imejaa."

"Haya. Basi tuuziane Kikibaigwa kwa lililobaki. Mwenye mzigo husafiri na mzigo wake mpaka upimwe kwa mnunuzi; usipopimwa, haujauzwa. Nakupa nusu leo. Jumamosi unaileta mwenyewe, unaifunga mwenyewe, unakaa. Jioni mzigo ukiwa umepimwa, unachukua nusu yako."

Niliona ni matembezi ya siku moja. Mahesabu yangu yaliishia kwenye mafuta ya pikapu. Nikakubali, tukapeana mikono, na Denis akawa shahidi.

Jumamosi tulifika mapema, mimi na Denis. Nyuma ya pikapu nilikuwa nimebeba pia stabilaiza, lile sanduku la kutuliza umeme, jipya, limefunikwa turubai. Nilijua Kibaigwa ina mashine nyingi za kusaga na kwamba saa fulani ya siku hiyo mtu angelihitaji sana. Kitu kinachohitajika sana kina bei yake. Sikulitaja.

Kufikia saa tano uwanja ulikuwa umejaa. Madereva walikaa kwenye magunia matupu, utingo walisimama, wengine juu ya matela. Ndani walicheza utingo wa lori la Singida na mwenzake wa Morogoro. Nje picha ilitoka kama ilivyotakiwa, na walipofunga goli la kwanza makelele yalivuta hata watu wa mnadani. Mzee Henry alikuja akasimama mlangoni na fimbo yake. Mtu wa baa naye alikuwapo, amekunja mikono.

Saa saba kasoro, mashine ya kusaga ya nyumba ya pili iliwashwa. Nikasikia ikikoroma, kisha taa ya chumba ikafifia, picha ya runinga ikajikunja kama ngozi ya ngoma iliyochanika, na kompyuta ikazima. Ikajiwasha upya. Dakika nne zilipita wachezaji hawajarudi kiooni.

"Mama, umeturushia giza," alisema dereva mmoja.

"Subiri, wamekwenda mapumziko," mwingine akamjibu, na watu wakacheka. Kicheko cha namna hiyo hakirudiwi mara mbili.

Ikarudi. Dakika kumi baadaye msagaji akamimina debe lingine, ikazima tena. Watu wa nyuma wakaanza kujikung'uta vumbi. Nikamwona mtu wa baa akisogea na kumnong'oneza Mzee Henry, na Mzee Henry hakumfukuza.

Hili lilikuwa kosa la Mama Erica. Alichoma kila gunia akasahau kuuchoma umeme wa chumba alichopanga. Nikamfuata jikoni, nikasema kwa upole kwamba ninalo sanduku la kutuliza umeme, na nikataja bei. Alikuwa anakanda unga. Hakuacha.

"Nililiona tangu asubuhi," alisema. "Nilijua hukulileta litembee."

"Basi unajua thamani yake leo."

"Ya leo naijua. Watu wakiondoka, chumba kinakwenda, na mimi sina kazi na kompyuta. Utaibeba urudi nayo Dodoma."

"Na nusu uliyonipa?"

"Utanirudishia. Mzigo haujapimwa. Ndivyo tulivyopeana mikono, na fundi wako alikuwapo."

Nikamtazama Denis aliyekuwa amesimama mlangoni. "Alisema hivyo, bosi," alisema.

"Fedha sina hapa."

"Pikapu unayo hapa. Na mimi hapa nina malori arobaini ya mashahidi." Akageuza donge la unga. "Hiyo ndiyo lumbesa yangu, kaka Sila. Ukiitoa, jioni unachukua nusu yako yote, sikukati hata shilingi. Usipoitoa, sote wawili tuondoke mikono mitupu. Mimi nimezoea, nimeshawahi kuozewa mahindi."

Nje mtu mmoja alishuka kutoka kwenye tela. Kisha wa pili. Nilihesabu hadi watano, halafu nikamwambia Denis akalete sanduku.

Msagaji alisaga mpaka jioni na picha haikutikisika tena. Morogoro walifungwa manne kwa matatu, wakadai marudiano, na marudiano yakaita mengine. Saa kumi na mbili na nusu Mzee Henry alimwambia Mama Erica alete mtu wa kuandika mkataba. Nusu yangu nililipwa mezani, yote, kama alivyosema.

Hiyo ni miaka mingi sasa. Kompyuta niliiuza kwa bei niliyotaka. Stabilaiza ilikwenda bure. Kabla mwaka haujaisha Mama Erica alitaka kompyuta nyingine nne, na hakuja Barabara ya Nane: alimchukua Denis kwa mshahara mkubwa kuliko wangu, na Denis akawa anakwenda Dar mwenyewe kuzichagua, akiziacha ziwake mchana kutwa kwanza. Ile nyeupe niliivunja nikaiuza vipande.

Yeye naye alilipia. Msimu ule mahindi yalipanda mara mbili, na magunia yake thelathini yalikuwa yamekwishaliwa na watu wengine. Aliniambia mwenyewe, siku nilipopita kunywa chai. Ile chai alinitoza.