Alama Ndani ya Rili

Watu huniletea rili zao zikiwa zimeng'arishwa, na hapo ndipo hasira zangu huanza. Mtu amekuta kigurudumu cha kukunjia mshipi wa kuvulia ndani ya sanduku la marehemu babu yake, amekisugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka kinametameta, halafu anakuja kwangu hapa Kisauni kuniuliza ni cha mwaka gani. Mwaka wenyewe ameshaufuta. Ulikuwa kwenye ile kutu ya kijani, na kwenye maandishi madogo ya nchi ya kiwanda ambayo sasa hayasomeki hata nikivaa miwani miwili.

Nimekuwa nikiifanya kazi hii tangu nilipoacha kazi kwenye boti za kuvulisha wageni kule Shanzu. Mke wangu ametangulia mbele ya haki. Watoto wako mbali na hunipigia simu Ijumaa, wakikumbuka. Siku nyingine nazungumza na vyuma. Sitajidai mwanamume hapa, upweke unaniuma. Kuna siku sauti yangu mwenyewe hunishtua adhuhuri, kwa kuwa sijaitumia tangu alfajiri.

Fimbo za kuvulia si kazi kuzijua. Ya kale kabisa ni ya mwanzi uliochanwa vipande vyembamba vikagandishwa pamoja, na ukiipitisha kidoleni utahisi kingo zake. Ikafuata ya faiba, nene na nzito, halafu ikaja ya kaboni, nyepesi hata unadhani wamekupunja. Rili ndizo zenye hila. Nyingi za zamani zina sahani mbili za ubavuni za plastiki ngumu nyeusi, ile iliyotumika kwenye swichi za taa za zamani. Isugue kwa dole gumba mpaka ipate moto, uinuse, itakupa harufu ya dawa ya hospitali. Sahani za grafaiti hazinuki kitu. Hizo zilifika kwenye boti zetu nikiwa tayari nanyoa ndevu.

Lakini yote hayo ni ya vitabu, na vitabu hupotea njia vikifika huku. Chumvi ya bahari yetu haina adabu, na vipuri havikuwapo. Rili ikifa sahani, fundi aling'oa sahani ya rili nyingine iliyokufa gurudumu, akaziunga, na boti ikatoka asubuhi. Kwa hivyo rili moja ya Mombasa huweza kuwa na umri wa namna tatu. Na kwa kuwa vipande vilihama hivyo, kila fundi alikwangua alama yake upande wa ndani wa sahani aliyoifunga, mahali ambapo mwenye boti haoni. Breki ikikwama mgeni ameshika samaki mkubwa, mafundi walijua nani wa kulaumiwa.

Alama ya babangu, naye fundi, ilikuwa mistari miwili iliyolala, na kitone juu yake. Nilijifunza kuitambua kabla sijajua kuandika jina langu. Nilikuwa bado mtoto wa shule pale boti aliyopanda ilipozama nje ya miamba. Wawili waliokotwa, yeye hakuonekana. Mama akakaa eda, akatoka, na wanaume waliokuja kuposa akawajibu vizuri mpaka wakachoka kuja. Alikufa akiwa bado anamwombea rehema kila baada ya swala.

Basi mwaka huu, asubuhi moja, nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buibui, na mkononi ana kitu kimefungwa kwa leso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani."

"Nimevuka feri kutoka Likoni, nimeelekezwa kwako. Hii ni rili ya marehemu baba. Nataka niitundike ukumbini, na chini yake niandike ni ya miaka gani. Huko kwetu hakuna tena ajuaye."

Nilimpenda papo hapo, kwa kuwa hakuisugua. Nikampa kiti, nikatandika gazeti, nikaanza kufungua skurubu huku nikimsomesha, maana sipati wanafunzi kila siku. Hiki kiguu cha kushikia fimbo ni cha shaba, cha zamani sana. Gurudumu la kati ni la baadaye. Mpini si wake.

"Kwa hivyo imeungwaungwa," akasema, kama aliyevunjika moyo.

"Za huku zote zimeungwaungwa. Vipande vinabadilishwa tu. Usione haya."

Akacheka. Nikang'oa sahani ya kulia. Ilikuwa ya grafaiti. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mistari miwili imelala, na kitone juu yake.

Nikaisugua kwa dole gumba mpaka ikapata moto, nikainusa. Haikunuka kitu. Nikarudia, kama mjinga.

"Babako alikuwa akifanya kazi gani?"

"Hii hii yako, mzee. Alikuwa fundi wa rili na injini za boti, mpaka macho yalipomshinda. Tumemzika mwaka jana."

"Mtu wa wapi?"

"Alisema wa Lamu, ila hakutupeleka hata siku moja. Hata huku ng'ambo hakuja. Wallahi, mimi sikumbuki kumwona amepanda feri. Mama alikuwa akimcheka, mwanamume wa bahari aogopa feri!"

Hasira ndizo zilizotangulia. Nilimwona mama juu ya mswala wake, na huyu mtu yuko Likoni anakula, anazeeka. Halafu, nikiwa bado katika hasira hizo, nikamtazama mwanamke yule vizuri, paji lake, na namna alivyokaza midomo akifikiri, na moyo ukaniruka kwa furaha ambayo sikuwahi kuitarajia tena. Nina dada. Yuko hapa, kwenye kiti changu.

"Alama hii naijua," nikamwambia. "Ni ya babangu."

Akaipokea sahani, akaitazama kwa makini. Aliponiinulia macho, yalikuwa na huruma.

"Huenda sahani ilitoka kwenye rili ya babako, mzee. Si umesema sasa hivi vinabadilishwa?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Sahani ya namna hii ilikuja miaka baada ya mama kutoka eda. Ningelitamka, ningempata dada, na yeye angempoteza babake kwa mara ya pili. Alikuwa ameshaanza kuipangusa rili kwa ncha ya leso, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

"Kweli," nikasema. "Vinabadilishwa."

Nikaifunga upya, skurubu moja moja, nikaipaka mafuta. Nikamwambia aandike miaka ya themanini, kwa kuwa haikukamilika kabla ya kipande chake kipya kabisa. Akanishukuru sana. Akauliza kama nina mtu wa kunipikia, nikamwambia ninaye. Akaniombea umri, akatoka.

Nilibaki nimesimama nyuma ya mlango. Alikuwa bado barazani, anavaa viatu, anazungumza kwenye simu. Alimwambia mtu kwamba ameshajua umri wa rili, na kwamba yule mzee wa Kisauni ni mtu mwema, ila maskini upweke umemzidi, anatafuta watu wake hata ndani ya rili za wengine.