Kiwanja Kina Mtu

Mwalimu wetu wa karate alikuwa na ndala moja ya bluu isiyokuwa na mwenzake. Siku ya mtihani aliiweka sakafuni nyuma ya kisigino chako, kisha akakuambia uanze kata. Kata ni mapigano yaliyopangwa dhidi ya watu wasiokuwepo: unapiga mbele, unageuka, unakinga, unapiga teke, unageuka tena, na ukimaliza unatakiwa uwe umesimama palepale ulipoanzia. Mimi nilimaliza nikiwa mbali na ile ndala kiasi ambacho mtu angeweza kupita katikati na ndoo ya maji. Mwalimu aliiokota akaenda kumwekea mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyoukosa mkanda mweusi mara ya kwanza. Niliona aibu, halafu nikakasirika, na hasira yangu yote niliipeleka kwa mji wa Dodoma.

Darasa lilikuwa Jumanne na Alhamisi jioni, katika ukumbi wa kukodi ambao Jumapili ulikuwa kanisa. Siku zilizobaki kila mtu alijitafutia. Mimi nilikuja huku ofisi yetu ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam, nikapanga chumba na sebule Area D, na tangu siku ya kwanza nilijiambia kwamba sikai. Sikununua kochi. Sikununua hata pazia la maana, nilitundika khanga. Ungedhani basi kwamba sebule tupu ingenifaa, lakini ilikuwa sebule ya kusimama na kukaa, si ya kupiga teke. Nilichokuwa nacho humo ni ndoo, na ndoo niliipiga.

Nikahamia uani. Kule kulikuwa na kamba za nguo za wapangaji wote, na mama mwenye nyumba alikuja kuniambia kwa upole kwamba tangu nianze kupiga zile kelele zangu kuku wake wamegoma kutaga. Nikaenda uwanja wa mpira, nikakuta vikundi vya mbio za asubuhi ambavyo vilisimama kunitazama mpaka vikasahau kukimbia. Nikajaribu nyuma ya ofisi kabla ya saa za kazi. Mlinzi akaniuliza nimeruhusiwa na nani, swali ambalo mtumishi wa umma hana jibu lake. Nilipomlalamikia mwalimu, alicheka akasema mchagua jembe si mkulima.

Pa mwisho kabla ya ule mtihani palikuwa Majengo. Mwanafunzi mwenzetu mmoja alikuwa na stoo ya nafaka sokoni, akanipa nafasi katikati ya magunia ya alizeti na mtama. Mwanzoni palitosha. Lakini mavuno yalikuwa yanaingia, na kila wiki magunia yalisogea, nami nikapunguza hatua zangu upande wa kushoto ili nisiyagonge. Sikujua kwamba mwili unashika. Siku ya mtihani ukumbi ulikuwa mtupu kabisa, na bado nilikwepa magunia.

Mtihani wa pili ungekuwa baada ya msimu wa baridi, na mwalimu aliniambia waziwazi kwamba baada ya huo yeye anahamia Mwanza, na nisipofaulu sijui nani angeniandaa tena. Nilitembea Area D nzima jioni zile kama mtu aliyepoteza mbuzi. Ndipo nikaona kiwanja nyuma ya mtaa wetu: kitupu, tambarare, mchanga mwekundu ulioshikana, na jiwe la mpaka kila pembe. Niling'oa mbigili kwa mikono. Kulipopambazuka nilikuwa hapo na raba zangu, nikaanzia kwenye jiwe la pembeni ili nijue pa kurudi.

Ningekuwa mwenyeji ningejua. Katika mji huu, ambapo kiwanja kimoja huweza kuwa na wenyewe wawili na kila mmoja ana karatasi, mtu anayeanza kwenye jiwe la mpaka, akapiga hatua zilizolingana kwenda mbele, akasimama, akageuka, akapiga hatua kurudi, huyo ana kazi moja tu. Na mimi nilikuwa naifanya kila asubuhi, tena nahesabu kwa sauti.

Haikupita wiki nikawakuta wananisubiri. Alikuwepo mjumbe wa mtaa, jirani wa kiwanja aliyepiga simu, wanawake wawili waliokuja kuona ugomvi, na mzee mrefu mwenye koti zito na fimbo, aliyetoka Buigiri kwa gari la alfajiri. Huyo ndiye alikuwa mwenye kiwanja. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, maana hata adui hanyimwi marahaba, kisha akauliza.

"Nani amekutuma kupima?"

Nikasema sipimi, nafanya mazoezi ya karate. Mjumbe akatabasamu kama mtu aliyesikia uongo mwingi lakini huu ni mpya. Mzee alieleza, akimwambia mjumbe na si mimi, kwamba amekuwa akisumbuliwa juu ya kiwanja hiki miaka, kwamba yeye ni mkulima na yuko mbali, na kwamba mwaka jana tu kuna watu walikuja hivihivi kupima kwa miguu kabla ya kuleta kamba. Sauti yake ilitetemeka kidogo. Hapo hasira yangu ikaniisha, nikaona nimemtoa mzee wa watu kitandani kwa hofu.

"Kama ni mazoezi," akasema, "fanya tuone."

Nilifanya kata yangu yote mbele yao, na koti la baridi likiwa bado limefungwa kiunoni. Mmoja wa wale wanawake alicheka mwanzoni. Nilipomaliza nilikuwa nahema, na jiwe la kuanzia lilikuwa mbali kuliko nilivyotaka. Mzee alinitazama usoni.

"Mpimaji hatoki jasho namna hii," akamwambia mjumbe.

Nilidhani angenifukuza kwa heshima. Badala yake alinivuta pembeni akanieleza kwamba hana uwezo wa kujenga bado, na kiwanja kisichoguswa huita watu. Wengine humwaga tripu ya mchanga ili kionekane kinashughulikiwa, lakini mchanga huibwa. Akaniomba niwe nakuja kila asubuhi mpaka apate mawe ya msingi. "Watu waone kina mtu," alisema.

Basi nikawa rundo la mchanga la yule mzee. Nilikuja hata siku ambazo upepo wa kipupwe ulinitupia vumbi machoni. Mtaani wakaanza kusema kile ni kiwanja cha dada wa karate. Asubuhi moja walikuja wanaume wawili kwa pikipiki, mmoja dalali kwa jinsi alivyokuwa akinyoosha mkono kuonyesha, mwingine mnunuzi mwenye viatu visafi. Dalali aliniuliza kama kiwanja ni changu. Nikamjibu kwamba kina mwenyewe, nikaendelea, na kwa bahati nilikuwa nimefika penye teke la juu. Waliondoka bila kuzima pikipiki.

Hatua zangu za kushoto zilianza kurefuka. Bado sikulifikia jiwe. Siku nyingine nilibaki nyuma yake, siku nyingine nililipita, nikilala naona ile ndala ya bluu.

Kisha, mtihani ukiwa umekaribia, nilifika nikakuta lori limemwaga mawe katikati. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefurahi, ameuza ng'ombe. Nilimwamkia na papo hapo nikamlalamikia. Nasikia haya kukumbuka. Nilimwambia si alisema niendelee kuja, sasa mtihani umefika na yeye ananimwagia mawe.

"Nilisema uje mpaka nipate mawe," akajibu. "Nimepata."

Niliomba siku moja tu. Akasema fundi ataseti msingi siku hiyohiyo na kesho alfajiri wachimbaji wanaingia, lakini nikiwahi kabla yao, haya.

Niliwahi. Mawe yalikuwa yamesogezwa, na fundi alikuwa amepigilia vigingi na kukaza kamba za nailoni kila ukuta utakapopita, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kiwanja kilikuwa kimeshakuwa vyumba. Fundi alikuwa hapo anakunywa chai, akanionya kwamba nikigusa kamba nimehamisha nyumba. Wachimbaji nao walifika mapema, wakasimama na sururu begani. Mzee aliwaambia wangoje.

Nilianzia kwenye kigingi cha pembe. Kila hatua ilinibidi nijue kamba iko wapi bila kuitazama. Hakukuwa na nafasi ya kukwepa magunia ya Majengo, wala ya kurefusha ovyo. Nilivuka sebule, nikageukia chumbani, nikapiga teke juu ya ukuta ambao haujajengwa, nikarudi. Nilipotulia, kigingi kilikuwa kinanigusa kisigino.

Ilikuwa mara ya kwanza. Nilitaka kulia, nilitaka mtu aseme kitu.

"Umemaliza?" mzee akauliza. Nikasema nimemaliza. "Basi chimbeni."

Siku ya mtihani mwalimu aliweka ndala yake nami nikaenda kati ya kamba ambazo hazikuwepo. Mwishoni nilihisi mpira wa ile ndala kisiginoni kabla sijatazama chini.

Nilipeleka mkanda Area D kumwonyesha mzee. Kuta zilikuwa zimefika madirishani. Aliushika, akaupima uzito kiganjani, akamshukuru Mungu, kisha akanitembeza. Pale nilipokuwa naanzia ni jikoni. Kwenye kizingiti akageuka.

"Na wewe, kiwanja chako kiko wapi?"

Nikamwambia sina, tangu ofisi zilipohamia huku mimi ni wa kuondoka.

"Miaka yote hii unaondoka tu?"

Nilirudi kwangu kwa miguu nikiwa nimekasirika, najibizana naye njia nzima, na kila jibu nililolipata halikufika popote. Nilifungua mlango nikaitazama ile khanga dirishani, imepauka upande wa jua.

Mwezi ule nilinunua kochi. Wabebaji walihangaika nalo mlangoni, na lilipoingia sebule yote ikaisha, hata ndoo ikakosa pa kukaa. Asubuhi yake nilivaa raba nikatoka kutafuta pengine, na safari hii, kabla ya kukanyaga popote, nilibisha hodi kwa jirani nikauliza mwenye kiwanja ni nani, na kama anakiuza.