Dada Yangu Alitubu Peke Yake

Dada yangu alisimamishwa mbele ya usharika Jumapili ya mavuno, mimba yake ikiwa ya miezi saba, pembeni ya makabichi na magunia ya viazi tuliyoleta kama sadaka. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwambia kwamba asipotubu hadharani, hatarudishwa kundini. Aliyempa mimba ni mwalimu wetu wa kwaya, mwanamume mwenye mke, na asubuhi hiyo alikuwa hatua nne kutoka kwake, akituongoza kuimba wimbo wa toba.

Mimi niliimba sauti ya pili. Nilijua. Nusu ya kwaya ilijua. Wazee nao walijua, maana walipomhoji dada aliwaambia mwenyewe. Wakamjibu, "Wewe jibia la kwako."

Mchungaji alipomuuliza kama anajutia dhambi yake, dada akasema ndiyo, kwa sauti ndogo. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mchungaji," nikasema, "mwenzake mbona hajaitwa?"

Kanisa zima likageuka. Mama akanifokea kwa Kishambaa ninyamaze. Mchungaji akainamia kitabu chake.

"Hilo tutalizungumza ofisini."

Mwalimu akainua mikono tuanze ubeti. Nikavua joho, nikaliacha kwenye kiti, nikatoka nje.

Ofisini halikuzungumzwa. Baada ya wiki chache mwalimu aliomba kupumzika, wakamuaga kwa soda na maandazi. Mtoto wa dada sasa yuko darasa la tatu hapa Shume, na baba yake hajawahi kumpa hata daftari.

Dada amesamehe. "Mimi yangu nilishayatua," aliniambia tukipalilia karoti. "Ya kwake ni ya kwake."

Mimi bado. Tangu kipaimara nimeamini kwamba mwenye dhambi akiikiri, Mungu humpokea. Kwa sababu naamini hivyo, nina hasira. Neema waliyopewa wazee waigawe kwa wote waliigeuza fimbo ya kumchapia msichana, na mwanamume wakamwachia aozee dhambini huku wakidhani wanamsitiri.

Mwezi uliopita nilikutana na mwalimu sokoni. Nikamwamkia shikamoo, maana ni mkubwa kwangu. Akaitikia marahaba, akitabasamu, akaniuliza habari za nyumbani.

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe umeshatubu?"

Akachukua mfuko wake wa nyanya, akaondoka bila kungoja chenji.