Shikamoo ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Mama mkwe wangu wa Sindeni amekataa kuitikia shikamoo yangu, na hadi leo ninaidai marahaba yangu.

Chanzo ni msaidizi wa akili mnemba niliyemweka kwenye simu, nyumbani Korogwe, amtumie mama salamu kwa jina langu. Alinitaka nichague namna ya kumwamsha: afanye kazi kwa saa, au achungulie ujumbe kila baada ya muda na kuamua mwenyewe, au aamke pale tu ujumbe unapoingia. Mtu mwenye shahada hufurahi kuulizwa maswali kama hayo. Nikachagua saa: kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Njia hiyo ilikula bando kidogo, na mkwe anayesalimiwa kila asubuhi atalalamikia nini? Majibu yake sikuyafungua. Nilijua ni marahaba tupu.

Kumbe safari moja mama alikuwa amenirekodia sauti, akiniomba nimpitie na gari Jumatano, nimpeleke kwa daktari wa macho ambaye huja Korogwe kwa nadra. Jumatano akakaa kando ya barabara na kikapu chake, kanga mpya begani. Simu ikalia. "Shikamoo mama. Natumaini umeamka salama." Akaitikia, akiamini niko njiani. Jua likapanda, likashuka. Daktari akaondoka zake.

Jumapili nikafika na sukari, bado sijui lolote.

"Shikamoo mama."

Akaendelea kupepeta mahindi. Aliyenisimulia yote ni kaka wa mke wangu, kwa raha isiyofichika, kisha akaongeza, "Usimsumbue, shemeji. Rudi kesho saa kumi na mbili na nusu. Ndiyo saa yenu ya kusalimiana."

Nilimwambia hayamhusu. Nikamgeukia mama, nikamweleza habari za msaidizi, na kwamba kosa lilikuwa kwenye njia niliyochagua. Sasa nitabadilisha, ujumbe wake ukiingia tu, msaidizi aamke na kuniita.

Ungo ukasimama.

"Binti yangu nilimwoza nani? Wewe au huyo?"

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Sukari niliiacha kwenye mkeka, hakuna aliyeigusa.

Kesho yake nikamfuta msaidizi, nikaandika mwenyewe, kwa vidole vyangu, saa tatu kasoro, maana ndipo ninapoamka. Tiki mbili za bluu zikatokea. Nikangoja. Mwishowe ikaingia sauti ya shemeji, akijizuia kucheka:

"Mama anauliza, leo umemtuma nani?"