Jiliwa la Millie Hruska na Kanuni ya Saba

Kanuni ya Saba ya Chama cha Watunza Majiliwa wa Ukingo wa Ziwa, iliyopitishwa kwa kura nne kwa sifuri na kuchapishwa ukurasa wa mbele wa jarida la wanachama, inatamka kwamba chuma cha kumimina kikishapasuka kimepasuka. Jiliwa lolote, yaani kibano kizito cha mezani cha kushikia chuma, ambalo mwili wake umewahi kupata ufa, hata litengenezwe na nani, si jiliwa tena. Ni pambo, na mahali pake ni bustanini katikati ya maua, si juu ya meza ya maonyesho. Kamati ina wajumbe wanne.

Millie Hruska alilisoma jarida hilo akiwa wima jikoni kwake, Lorain, Ohio, kikombe cha kahawa mkononi, kisha akalitumia kufutia grisi. Alikuwa na miaka sitini na minane. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumikia karakana ya kiwanda cha pampu, akiunga vitu ambavyo wahandisi walikwisha kuviandikia kwamba haviungiki. Kiwanda kilipofungwa, alitundika kibao kwenye mlango wa gereji yake: CHUMA KILICHOPASUKA HUTENGENEZWA HAPA. Kwa miaka sita majiliwa ya zamani yalimjia kutoka pande zote za ziwa, mengine mazito kama ndama, yakibebwa na wanaume waliokuwa wakiona haya kidogo, kama watu waliompeleka mbwa kwa daktari baada ya kumkanyaga wenyewe.

Kisha ikaja Kanuni ya Saba. Watunza majiliwa ni watu watiifu. Wanaliogopa jarida kuliko wanavyoiogopa kutu. Majira yote ya baridi gari pekee lililosimama mlangoni pa Millie lilikuwa la posta.

"Wamekuzika kwa karatasi," alisema Chet Balogh, jirani yake, dereva mstaafu wa winchi ambaye huenda minadani kama wenzake waendavyo kanisani, yaani kila wiki na bila kutarajia mengi.

"Sijafa bado. Wewe niletee jiliwa lililopasuka vibaya kuliko yote. Nitaliweka mezani kwao kwenye mkutano wa Aprili. Wakilikataa, nakishusha kibao."

"Kweli unakishusha?"

"Mimi nimewahi kukutania mambo ya kazi?"

Mwezi Machi Chet alirudi na jiliwa alilolikuta chini ya marobota ya nyasi huko mashambani. Lilikuwa na umri wa miaka themanini hivi, na ufa ulishuka kutoka chini ya taya lisilosogea hadi karibu na kitako. Sababu ilionekana waziwazi. Mwenye shamba aliutoa mpini wa asili wa kukazia skrubu, akatia kipande cha ekseli ya trekta, halafu juu ya ekseli akavika bomba refu ili apate nguvu za watu watatu. Chuma cha kumimina hakijui kupinda. Huvumilia, huvumilia, kisha husema hapana mara moja tu.

"Hili hata mimi ningelipanda maua," Chet alisema.

Millie alikuwa tayari ameanza kulisugua kwa brashi ya waya.

Aliuchimba ufa kwa tupa na jiwe la kusagia mpaka ukawa mfereji safi. Akalilaza jiliwa juu ya jiko la mkaa lile lile analochomea soseji siku ya uhuru, akalifunika na kulipasha moto polepole asubuhi nzima, maana chuma cha namna hii hukasirika kikipata joto upande mmoja. Kisha akawasha tochi ya gesi na kuyeyushia shaba kwenye mfereji, tone juu ya tone, hadi mshono ukasimama wa manjano, mnene kama kidole gumba. Chet alimsaidia kulitumbukiza ndani ya pipa la majivu. Wakalifukia.

Hapo ndipo kazi huharibika. Likipoa haraka, hupasuka tena pembeni mwa mshono, na ishara yake ni sauti moja ndogo: *ting*. Anayeisikia hana la kufanya ila kwenda kunawa mikono.

"Fungua kidogo tuone," Chet alisema baada ya saa moja.

"Mkeo akioka mkate huwa unamfungulia jiko?"

"Mke wangu haniruhusu kuingia jikoni."

"Nimeanza kumwelewa."

*Ting.*

Walitazamana. Chet alivua kofia kabisa. Millie aliweka sikio karibu na pipa, akasikiliza muda mrefu, kisha akageuka na kuligusa jiko la mkaa kwa ncha ya kiatu.

"Ni mfuniko wa jiko unapoa," alisema. "Vaa kofia yako, bwana, hakuna msiba."

Waliliacha siku mbili. Lilipotoka lilikuwa zima. Millie alilichongea mpini mpya kwa chuma laini, kama ule wa asili, akapaka grisi kwenye skrubu, na hapo akatangaza kwamba amemaliza.

"Na rangi?" Chet aliuliza. "Kopo moja tu la kijivu, Millie. Mshono hauonekani, Kanuni haihusiki, sote tunakula donati kwa amani."

"Nikiupaka rangi nitakuwa nimekubaliana nao."

Mkutano wa Aprili ulifanyika katika ukumbi wa uwanja wa maonyesho ya kilimo, majiliwa mia na arobaini juu ya meza, na wenye majiliwa wakipita nyuma yake mikono mfukoni. Mwenyekiti, Wendell Ostrander, alikuwa mkaguzi wa bima kabla ya kustaafu, na habari za kustaafu hazikuwa zimemfikia vizuri. Aliuona mshono wa manjano kutoka mlangoni.

"Bi Hruska, Kanuni unaijua."

"Naijua. Inasema hili ni pambo. Basi libane, tuone kama pambo hubana."

"Mama yangu, nikilikaza litafumuka, nawe utaaibika mbele ya watu."

"Nimekuja na aibu yangu mwenyewe. Wewe kaza."

Mtu alileta kipande cha chuma, kikawekwa kati ya mataya. Wendell alikaza kwa mikono miwili mpaka shingo ikawa nyekundu. Jiliwa lilitulia. Alitazama kulia na kushoto, kisha akafanya jambo ambalo watu wa ukumbi ule hulisimulia mpaka leo kwa sauti ya chini: aliomba bomba. Mwenyekiti huyu aliwahi kuandika makala tatu jaridani akiwasihi wanadamu wasivike bomba kwenye mpini wa jiliwa. Hakuna aliyesogea. Mwishowe alilitoa chini ya meza yake mwenyewe, bomba la urefu wa mita moja, nalo halikuwa jipya.

Akalivika. Akaning'inia.

Kitu kikaanza kusalimu amri, taratibu, bila sauti. Ulikuwa mpini. Ulijikunja mpaka ukawa kama ndoana, na Wendell akashuka nao hadi magoti yakagusa sakafu.

"Mpini huwekwa laini makusudi, ili ukunjike wenyewe kwanza," Millie alimweleza kwa upole, huku akipitisha ukucha juu ya mshono kutoka juu hadi chini bila kukwama popote. "Walioyaunda haya majiliwa walijua utakuja."

"Mwenyekiti, inuka basi, hapo si kanisani!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

Kamati ilijifungia dakika arobaini pamoja na sanduku la donati. Ilipotoka ilitangaza kwamba Kanuni ya Saba inabaki kama ilivyo, neno kwa neno, na kwamba jiliwa la Bi Hruska linaweza kukaa mezani hadi jioni, kwa ajili ya mafunzo. Millie alishukuru. Chet alitaka kugomba, akakanyagwa mguu.

Kibao hakikushushwa. Kanuni nayo ingali ikichapishwa kila toleo, ukurasa wa mbele. Kati ya Mei na Oktoba mwaka huo, majiliwa kumi na moja yalizikwa katika pipa la majivu la Millie Hruska. Manne yalikuwa ya wajumbe wa kamati, na wote wanne waliomba mshono upakwe rangi.