Siku Jedida Alipokubali Kuuza Mtungi

Mambrui nzima ilijua kwamba Jedida na mumewe Mutuku hawasemezani. Si kwamba walitangaza, la. Lakini watu wawili wakilala nyumba moja na kutumiana maneno kupitia kwa mama wa chapati, siri itakaa wapi? "Bridgit, mwambie Mama Hannah chumvi imekwisha." "Bridgit, mwambie Baba Hannah duka liko palepale lilipokuwa jana." Kibanda cha Bridgit kilipakana na karakana ya Mutuku pale steji ya matatu, kwa hiyo mzigo wote ulimwangukia yeye, na alikuwa ameshachoka hadi kooni.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mtungi. Jedida aliwahi kufanya kazi katika stoo ya vinywaji ya hoteli moja Kikambala, na huko ndiko alikoijua gesi ile inayotia povu soda na bia. Hoteli ilipopunguza watu, alimfuata mumewe Mambrui, na haukupita muda akaona jambo ambalo wenyeji walilipita kila siku. Magari makubwa yalikuja kupanda vilima vya mchanga vya ufuoni. Kabla ya kuingia mchangani, madereva walitoa upepo magurudumuni, maana tairi gumu huzama na tairi laini hupita juu. Sawa, wametoa. Wakitoka je? Lami haitaki tairi laini. Ukilikimbiza linapata moto na kupasuka. Basi Jedida akanunua mtungi wa gesi ile ya soda, geji ya kupimia upepo na mpira mrefu, akavipakia kwenye mkokoteni, akaweka kituo chake kule mbali njia ya mchanga inakoishia. Tairi kubwa lilijaa kabla hujamaliza kusalimiana na mwenyewe. Mtungi ulipoa hadi shingo ikaota barafu, hapo hapo Mambrui, kwenye jua la kupasua kichwa, na wageni wakapigana vikumbo kuupiga picha.

Mutuku hakuupenda mtungi huo tangu siku ya kwanza. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kwake gesi ni gesi. "Umekumbatia bomu," alimwambia. "Siku moja nitaletewa leso yako tu." Jedida akamjibu kwamba hii haishiki moto, tena ukiielekeza motoni, moto huzimika. Angelisema kwa upole, pengine lingeingia. Lakini Jedida na upole wapi na wapi! Huyu ni mwanamke aliyebishana na mchungaji wake juu ya mwaka aliofunga ndoa mchungaji mwenyewe, hadi maskini akaenda nyumbani kuleta cheti. Cheti kikamuunga mkono mchungaji. Jedida akasema waliokiandika walikosea. Watu walipomtania kwamba mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, aliwajibu kwamba yeye ni Mkristo, Idi haimhusu.

Hivyo ndivyo walivyofikia kununiana, mmoja akitaka mtungi uuzwe, mwingine akiapa hauuzwi ng'o.

Jumamosi moja akatokea Nahashon, dereva wa gari la watalii, mtu mcheshi anayependa kujisifu hata kwa kufunga mlango. Wageni wake walishuka kutembea ufuoni, naye akaegemea boneti huku Jedida akimjazia upepo. Magurudumu mawili ya mbele yalikuwa tayari. Jedida alikuwa amechutama kwenye la tatu, macho kwenye geji.

"Mama Hannah, jana ungenicheka," alisema Nahashon. "Kule Marafa rimu moja ilipata ufa, tairi likawa linapumua kidogo kidogo. Pampu yangu nayo ikafa. Unajua nilifanyaje?"

Jedida hakutoa macho kwenye geji. Alikuwa amezoea.

"Nilichukua mtungi wangu wa kupikia, ule ninaochemshia wageni chai. Nikaunga mpira, nikafungua. Tairi likasimama. Leo asubuhi nikaliongeza tena, likanifikisha hapa bila wasiwasi."

Mkono wa Jedida uliufunga mtungi kabla akili haijamaliza kusikia.

"Hilo tairi liko wapi?"

"Nimelivua, nikafunga spea. Nimelipeleka kwa Baba Hannah azibe ule ufa. Nikamwambia asihangaike kutoa tairi kwenye rimu, achomelee juu kwa juu tu, nina haraka."

"Ulimwambia ndani mna gesi ya jikoni?"

"Ya nini? Si limeshalegea lenyewe."

Jedida aliruka wima. Tairi lililolegea si tairi tupu. Mlemle ndani gesi ya kupikia ilikuwa imejifungia pamoja na hewa, ikingoja chuma kipate moto tu. Na Mutuku angeinama juu yake kama anavyoinama siku zote, uso karibu, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri na hataki kununua miwani ya kusomea.

Akapiga simu. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa upesi zaidi. Mara ya tatu akaambiwa nambari anayopiga haipatikani. Amezima, mjinga huyu, amezima kwa sababu ya kununa! Jedida aliona hasira na hofu vikimpanda pamoja, hata hakujua kipi ni kipi.

"Washa gari," alimwambia Nahashon.

"Magurudumu ya nyuma hayajajaa, mama. Na hawa wageni..." Nahashon alikuwa ameanza kuelewa, na ucheshi wote ulikuwa umemtoka usoni. "Kwani linaweza kulipuka?"

Jedida hakuwa na muda wa kumfundisha. Aliuacha mtungi, mpira na geji pale pale, akakunja sketi, akaanza kukimbia kuelekea barabarani huku akimpigia Bridgit.

Bridgit akapokea. Nyuma yake Jedida alisikia mlio wa mashine ya kusaga chuma, ukikwaruza, ukipanda na kushuka. Huyo alikuwa Mutuku anasafisha ufa. Bado hajachomelea. Akimaliza kusafisha, atachomelea.

"Bridgit, kimbia umwambie Mutuku asiliguse tairi la Nahashon! Lina gesi ya kupikia ndani!"

"Mama Hannah, hamjambo huko? Mbona unahema?"

"Bridgit, mwambie sasa hivi!"

Bridgit akapaza sauti. Mlio wa mashine ukanyamaza, na Jedida akasikia mumewe akijibu kwa mbali, lakini hakuyashika maneno. Bridgit akarudi simuni.

"Anasema hivi: leo ndio umekumbuka kwamba gesi ni hatari? Anasema umdhihaki mtu mwingine, yeye yuko kazini. Hata mimi amenigombeza tangu asubuhi, ati mtungi wangu wa gesi unavuja, karakana yote inanuka. Nimeufunga, nimeufunga tena, bado tu analalamika."

"Si wako!" Jedida alijikwaa, akashika mchanga, akainuka. "Harufu ni ya hilo tairi. Bridgit, mimi sidhihaki. Nenda umshike mkono."

"Nimshike mtu anayechoma? Macho yangu nimeyaokota?" Bridgit naye alikuwa na yake ya kutoa siku hiyo. "Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nimelima mwezi mzima, mama. Nimelima shamba lenu hadi mgongo umekatika. Leo mmeingiza na tairi."

"Anafanya nini sasa?"

"Amevaa ile barakoa yake. Anatafuta ule waya wa kubana kwenye chuma."

Hapo Jedida alisimama. Barabara ilikuwa bado mbali, na miguu ilikuwa haimsaidii chochote. Kila la kweli alilokuwa nalo alikwisha kulisema, na kwa Mutuku ukweli wake ulikuwa ni ubishi ule ule kwa jina jingine. Ameambiwa tairi lina gesi, amesikia Jedida anaanza tena. Angeambiwa atakufa, angesikia hivyo hivyo. Na nani aliyemfundisha kusikia hivyo? Jedida alilijua jibu, na lilimuuma kuliko goti lililochubuka.

"Bridgit," akasema, na sauti yake ikatoka ndogo. "Mwambie nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Mwambie yeye ndiye aliyekuwa na haki. Mimi nimekosa. Mtungi nauza leo."

Bridgit akalitoa neno hilo kwa sauti iliyosikika steji nzima: "Baba Hannah! Mkeo anasema amekosa! Anasema ulikuwa na haki, anauza mtungi leo!"

Kitu cha chuma kikaanguka kwenye saruji.

Jedida aliibana simu sikioni hadi sikio likamuuma. Aliusubiri mshindo. Alimwita Bridgit, Bridgit hakuitika. Akasikia viatu vikikimbia, simu ikinyakuliwa, halafu pumzi ya mtu.

"Mama Hannah?" Ilikuwa sauti ya Mutuku, imekwaruza. "Mama Hannah, unaongea? Uko wapi?"

"Zima mashine," alisema Jedida. "Hilo tairi lina gesi ya kupikia. Nahashon alilijaza kwa mtungi wake wa chai. Usiliguse kwa moto."

Mutuku akasema, polepole sana, "Nimesikia."

Nyale, kijana wa bodaboda wa pale steji, alimkuta ameketi kando ya njia. Hakumbuki alivyopanda. Walipofika steji, alikuta gurudumu limebiringishwa hadi katikati ya uwanja mtupu, valvu imetolewa, na watu wamesimama mbali wakiziba pua. Harufu ya jikoni ilikuwa imeenea kote. Bridgit alikuwa amezima kila alichowasha, chapati zimemlalia mbichi, naye ameketi akijipepea kwa sinia.

Mutuku alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, barakoa magotini. Jedida alikuwa amekuja na maneno yake tayari tangu njiani, kwanza lile la kuzima simu. Lakini alipoona watu wote wale walioyasikia ya Bridgit, akakumbuka alichokisema, akaona afadhali alimalize jambo hilo kabla halijaota mizizi.

"Yale ya mtungi," alisema, amesimama mbele yake, "niliyasema ili uache kazi. Usije ukadhani..."

"Najua," alisema Mutuku.

"Unajua nini?"

Mutuku aliinua uso. "Tangu nikuoe, Mama Hannah, sijawahi kukusikia ukikubali jambo. Hata moja. Bridgit aliponiambia umekosa, nikajua kuna mtu anakufa." Akameza mate. "Nikadhani ni wewe. Nikadhani mtungi umekupasukia, umelala huko mchangani, na unaniaga."

Jedida, aliyebishana na mchungaji hadi na cheti, alijikuta ameketi chini kwenye vumbi la chuma, kichwa kwenye goti la mumewe, akilia mbele ya steji nzima bila kujali nani anatazama. Mutuku aliweka mkono mgongoni mwake na kuuacha hapo.

Kisha Mutuku akauliza, "Uko wapi?"

"Nini?"

"Mtungi."

Jedida alijifuta uso kwa leso. "Nimeuacha kule kule. Nimemwachia Nahashon."

"Nahashon?" Mutuku alisimama, akamvuta na yeye asimame. "Twende tukauchukue upesi."